Kaburi Ndani ya Mstari

Tokyo, Novemba 6

Baba, shikamoo.

Msemaji wa Wizara ya Ulinzi alisema leo saa nne asubuhi kwamba kambi ya Irabaru itapanuliwa upande wa kusini na kupokea kikosi cha makombora ya kutungulia ndege. Mipaka hakuitaja. Nilimuuliza mara mbili, na mara zote mbili alijibu kwamba ramani itatolewa wenyeji wakishaelezwa. Nimeona heri uipate habari hii kwa mkono wangu kabla hujaisikia kwenye redio ya duka la ushirika, ambako Mjomba Zenkichi atakuwa ameshaitia chumvi.

U hali gani? Goti linaendeleaje? Mara ya mwisho uliandika "lipo", na hilo si jibu. Niambie kama bado unapanda ngazi za mtambo pale kiwandani, na kama kijana mpya ameshajifunza kuukeneka mchele kuwa pombe bila kuuunguza. Mimi mzima. Baridi imeingia, nyumba yangu ndogo, gazeti halina watu wa kutosha, kazi ni ile ile.

Upande wa kusini wa kambi, kama kumbukumbu yangu haijaniponyoka, kuna miwa ya akina Sakihara, malisho ya farasi, halafu makaburi. Mama yuko pale. Mwakani ni mwaka wake wa saba na nimeshaomba likizo ya Agosti. Kama kuna mtu amekuja kupima ardhi, niandikie alisema nini, kwa maneno yake mwenyewe.

Mwanao,
Minori

* * *

Irabaru, Novemba 19

Mwanangu Minori,

Marahaba. Barua yako ilikuja na meli ya Ijumaa, siku moja nyuma ya ramani yenyewe. Goti lipo. Ngazi napanda. Kijana anaunguza. Umeridhika?

Ramani imeletwa na bwana mmoja anaitwa Kuramochi, wa Ofisi ya Ardhi ya Kambi. Ni mtu wa bara, wa kule kwenye theluji, umri wake kama wako, adabu tele. Alikuja na boksi la keki. Alivua viatu, akakaa, akakunjua karatasi, akanionyesha mstari mwekundu. Makaburi tisa yamo ndani ya mstari. La kwetu ni la mwisho, lile linalotazama bahari.

Umetaka maneno yake. Alisema, "Mzee, kuhamisha ni kazi ya nusu siku. Tutamwita mtawa, tutachukua chombo cha majivu, tutakipeleka kwenye kaburi jipya upande wa pili wa kijiji. Gharama zote juu yetu."

Nikamuuliza, "Majivu ya nani?"

"Ya marehemu mkeo."

"Mke wangu hana majivu. Kisiwa hiki hakina tanuri la kuchomea maiti. Amelala mle ndani kama alivyokuwa akilala kitandani."

Kikombe alikuwa amekiinua. Akakirudisha chini.

Basi nikamweleza, maana hakuna aliyewahi kumweleza. Kwamba kaburi letu ni chumba cha mawe, na mlango wake hufunguliwa mwaka wa saba, siku ya saba ya mwezi wa saba kwa kalenda ya zamani, siku isiyo na mkosi. Kwamba wanawake wa nyumba humtoa na kumwosha mfupa mmoja mmoja. Kwamba siku ya mazishi niliweka ubavuni pake chupa mbili za pombe ile ya mwanzo kutoka mtamboni, kali kuliko zote, niliyoikeneka mwenyewe. Ya kwanza humiminwa juu ya mifupa na kuwashwa moto. Ya pili hunywewa na waliofanya kazi. Akauliza kama inawezekana kuwahisha. Nikamuuliza kama amewahi kufunua chungu wali haujaiva. Akasema ndiyo. Nikamwambia, basi wazia si wali.

Keki hakuigusa. Niliila mimi. Ilikuwa nzuri.

Mjomba wako anafurahia hiyo kambi. Nyumba yake ya wageni itajaa wajenzi. Jana dukani aliwaambia watu, "Siku ya mbingu safi mnaiona milima ya Taiwan kwa macho. Basi jueni anayeitaka Taiwan atakuja kuziona chupi zenu kwenye kamba." Watu walicheka. Mimi pia nilicheka, sikudanganyi.

Baba yako

* * *

Tokyo, Desemba 3

Baba, shikamoo.

Natumaini goti halijafikia hatua ya kunijibu lenyewe. Mimi salama, ila kikohozi cha wiki mbili.

Mjomba hakosei sana, na nisingependa kukuandikia kana kwamba anakosea. Wiki iliyopita manowari ya China ya kubeba ndege ilipita kati ya Irabaru na Taiwan, na meli tano za kuisindikiza. Miaka tisa iliyopita, nilipoanza kuandika habari hizi, kupita vile kungekuwa habari ya ukurasa wa kwanza. Safari hii mhariri aliniachia aya nne. Bajeti ya ulinzi imepanda kila mwaka tangu hapo, na kila ninayemhoji, awe anaipenda serikali au haipendi, hutaja jirani yule yule. Hofu hii haikutungwa na mtu. Nimeiona kwenye nyuso za watu wasioogopa ovyo.

Kuhusu majivu: nimeuliza. Kwenye mpango wa Ofisi ya Ardhi makaburi yote tisa yameandikwa kuwa ya vyombo vya majivu, kwa sababu aliyeupanga alifuata utaratibu wa makaburi ya bara. Hakuna aliyekuja kutazama. Kuramochi ameomba warekebishe. Bado hajajibiwa.

Kuna jingine nimeambiwa kwa sharti la kutolitumia. Siwezi kuliandika gazetini, na siwezi kuliandika hapa. Naomba tu usitie saini karatasi yoyote kabla sijakuandikia tena.

Mwanao,
Minori

* * *

Irabaru, Januari 21

Mwanangu,

Heri ya mwaka mpya. Kikohozi ukichemshie tangawizi na sukari guru, usisubiri mpaka kikuangushe.

Uliposema huwezi kuniambia, ulikuwa umeshaniambia. Wana haraka. Sawa. Sijatia saini.

Wenzangu wanane wametia. Siwalaumu. Wafu wao ni wa zamani, walishaoshwa, mifupa yao iko mitungini. Hao kweli ni kazi ya nusu siku. Nimebaki peke yangu. Nikiingia dukani maneno yanakatika, halafu mtu anaanza kusifia bei ya karela. Kambi ikipanuka tutapata daktari wa kudumu na uwanja wa helikopta, na shule haitafungwa, kwa kuwa askari wana watoto. Yote kweli. Mtoto wa Sakihara aliniambia mbele ya watu, "Mzee Tokuzen, wewe na mkeo mmeizuia Japani nzima." Nikamjibu mke wangu hajawahi kumzuia mtu, alikuwa mwembamba.

Wiki jana tulifanya zoezi la kuhama. Vita vikinukia, kisiwa kizima kitapelekwa bara, Kyushu. Mimi nimepangiwa ukumbi wa michezo katika mji ambao sijawahi kuufika. Mfuko mmoja kwa kila mtu. Jirani yetu Bi Kamado aliuliza kama nguruwe wake atahesabiwa mfuko. Afisa aliandika swali lake, na kwa jinsi alivyoandika, nadhani jibu litatoka Tokyo.

Zenkichi alikuja nyumbani. Alikunywa, akanitazama, akasema, "Shemeji, dada yangu angekuwa hai angetia saini."

Nikamwambia, "Angekuwa hai, Zenkichi, tusingekuwa na cha kutia saini."

Alivaa viatu vyake akaenda. Kushoto akavaa cha kwangu. Hajakirudisha.

Mimi siipingi kambi, uelewe hilo. Askari hununua pombe yetu na hunisaidia kubeba kreti. Nataka Agosti ifike na mama yako awe mahali pake. Zaidi ya hapo sina siasa.

Baba yako

* * *

Tokyo, Februari 18

Baba, shikamoo.

Sasa naweza kusema, kwa kuwa msemaji amelisema hadharani leo. Ujenzi umesogezwa mbele. Uzio unaanza Juni 2, si mwakani. Sababu aliyoitoa ni mazoezi ya China ya mwezi uliopita kuizunguka Taiwan, na ndege isiyo na rubani iliyopita karibu nanyi siku tatu mfululizo. Ukishaanza, raia hataingia ndani ya mstari.

Jambo la pili. Nilimwambia mhariri kwamba kaburi moja kati ya yale tisa ni la mama yangu. Ameniondoa kwenye habari hii. Ningefanya vivyo hivyo ningekuwa yeye. Kwa hiyo nilichonacho kuanzia leo ni kile anachokisikia kila msomaji.

Nimehesabu njia zilizopo. Ukikataa mpaka mwisho, sheria ya kutwaa ardhi ipo na itatumika. Itachukua miezi, lakini utashindwa. Ukikubali, kuna mambo mawili: kufungua kabla ya Juni, au kumpeleka Mama kwenye tanuri la kisiwa cha Ishigaki kwa meli, kisha kumzika upya akiwa majivu. Hili la pili linafanywa na watu wengi siku hizi. Je, la kwanza haliwezekani kabisa? Miaka sita na nusu haiko mbali na saba. Nataka ulifikirie kwa utulivu kabla ya kunijibu.

Kikohozi kimekwisha. Dawa yako ilisaidia.

Mwanao,
Minori

* * *

Irabaru, Machi 9

Minori,

Mimi mzima.

Mama yangu alikuwa na miaka kumi na minne wakati jeshi letu la enzi za vita kuu lilipowahamisha watu wa visiwa vyetu kwenda msituni kwa usalama wao. Adui waliyemkimbia hakushuka. Malaria ndiyo iliyowakuta. Alizika wadogo zake wawili kule, haraka haraka, na hakurudi kuwaosha. Mpaka anakufa, ikifika siku ya saba ya mwezi wa saba, alikuwa akikaa mlangoni na beseni la maji, haoshi kitu.

Sisemi vijana wa kambi hii ni wale. Hawa wananisalimu. Ila mtu akiniambia ni kwa usalama wangu, nasikia kwa sikio la mama yangu.

Bwana Kuramochi alikuja tena, bila keki. Alisema hajajibiwa. Alikaa, akauliza mambo ya kuosha, nani anashika nini, maji yanatoka wapi. Hakuandika chochote. Akauliza chupa ya pili hunywewa na nani hasa. Huyo ni mgeni, na aliuliza vizuri.

Wewe umeniuliza kama mama yako anaweza kufunguliwa kabla hajawa tayari, au akachomwe. Umehesabu njia. Umeuliza kama mwandishi wa habari. Ukiuliza kama binti, nitakujibu.

Baba yako

* * *

Tokyo, Aprili 24

Baba, shikamoo.

Wiki sita sasa. Niliandika mara moja katikati, kadi fupi, huenda haikufika. Simu najua huisikii, hata hivyo nimepiga. Nilimpigia Mjomba. Anasema u mzima, na kwamba kila asubuhi unabeba kreti tupu ya bia, unaiweka mbele ya kaburi na kuikalia mpaka jua liwe kali. Anasema hamsemeshani. Nilimuuliza kama amekurudishia kiatu. Alikata simu.

Nimeisoma barua yako mara nyingi, na sitajitetea. Mambo ya Bibi na beseni sikuwa nayajua. Miaka ishirini nimewauliza watu maswali, na wewe sikuwahi kukuuliza hilo.

Nauliza upya. Nani atamwosha? Bi Kamado, anayejua kuosha, ni mzee, shangazi wote wamekufa, na Mjomba hana mke. Nimebaki mimi, na sijui hata kunaanziwa wapi.

Binti yako,
Minori

* * *

Tokyo, Mei 20

Baba, shikamoo.

Nguzo za uzio zilipakiwa melini kwenye bandari ya Naha jana. Hilo liko kwenye gazeti letu, ameliandika mwenzangu. Zitafika kwenu siku mbili tatu zijazo. Niandikie hata mstari mmoja.

Binti yako,
Minori

* * *

Irabaru, Juni 12

Binti yangu,

Marahaba. Kadi ilifika, na barua zote mbili zilifika. Sikuwa nimekasirika tena. Sikuwa na la kukuambia, na wewe hupendi kuandikiwa yasiyo na uhakika. Sasa ninayo.

Juni 2 walikuja na mtambo wa kuchimba. Mimi nilikuwa kwenye kreti yangu. Msimamizi wa wajenzi hakuwa mkorofi, alinisihi nisogee. Wakamleta Zenkichi, mwenyekiti wa halmashauri, aje anizungumzie. Alikuja amevaa kiatu changu. Akaanza: shemeji, umri, afya, kisiwa kizima kinakutazama. Wakati anaongea, msimamizi alimgeukia dereva wa mtambo, akamuuliza kama lile jiwe la mlangoni linaweza kunyanyuliwa na kitu kilichomo kikatolewa taratibu, kipelekwe kwenye gari.

Zenkichi aliiacha sentensi yake njiani. Akamwendea yule mtu. Akasema, "Hicho kitu ni dada yangu. Alinibeba mgongoni." Kisha akaketi chini, palepale kwenye udongo, na suruali yake ya mikutano.

Tulikaa hivyo, mimi kwenye kreti, yeye chini, mpaka Kuramochi alipokuja. Alitutazama, akaenda pembeni kupiga simu. Alipiga nyingi. Nadhani nyingine hakuwa na ruhusa ya kuzipiga. Ilichukua siku tano, na haya ndiyo waliyokubali.

Uzio unapita kama ulivyopangwa. Umeshapita. Kaburi halitaguswa mpaka Ijumaa, Agosti 29, ambayo ndiyo siku ya saba ya mwezi wa saba. Siku hiyo watatufungulia lango saa mbili asubuhi na kulifunga saa nne. Watu wanne. Hakuna simu wala kamera. Moto ni marufuku ndani ya uzio, kwa sababu ya ghala la makombora. Waandishi wa habari hawaingii. Kiwango cha tahadhari kikipandishwa kabla ya hapo, ruhusa imekufa. Na Jumatatu, Septemba 1, eneo linakabidhiwa kwa wajenzi, tuwe tumemtoa au hatujamtoa.

Mimi kwa upande wangu nimetia saini kwamba harudi mle. Atakwenda kaburi jipya, upande wa pili wa kijiji. Halioni bahari. Nimewapa mahali, siku nimebaki nayo.

Moto tutawasha nje. Tukishamwosha tutatoka naye langoni, na hapo barabarani, mbele ya mlinzi, tutammiminia chupa ya kwanza. Haijawahi kufanywa hivyo. Bi Kamado amefikiri siku nzima, akasema marehemu alipenda barabara.

Watu wanne ni mimi, wewe, Zenkichi na Bi Kamado. Ilibidi kuandika kazi ya kila mtu. Yako niliandika: binti wa marehemu. Kuramochi aliisoma. Anajua kazi yako, amesoma habari zako. Akagonga muhuri.

Kiatu kimerudi.

Baba yako

* * *

Tokyo, Julai 8

Baba, shikamoo.

Nimemsomea mhariri sehemu inayohusu waandishi wa habari. Aliuliza kama nitaandika nikirudi. Nimemwambia nitakuwa likizoni, na likizo haina ripoti. Amekubali, shingo upande. Kitambulisho changu cha kazi nitakiacha kwenye droo ya meza yangu.

Nimekata tiketi ya ndege ya Agosti 27. Niambie nije na nini, na nifanye nini kwa mikono yangu. Niambie yote. Nimewahi kuona maiti kazini, mara nyingi. Sidhani kama inasaidia.

Ni kweli alipenda barabara. Alikuwa akinipeleka mpaka kwenye mnara wa taa bila sababu, tukiimba, halafu tunarudi.

Binti yako,
Minori

* * *

Irabaru, Agosti 5

Binti yangu,

Marahaba. Tufani ilipita Jumapili. Ilichukua mabati mawili ya paa la kiwanda na kamba yote ya nguo ya Zenkichi, chupi zikiwemo. Dukani wanasema sasa ziko Taiwan.

Usije na chochote. Nguo nyepesi ya mikono mifupi. Bi Kamado anasema kunaanziwa miguuni. Unashika mfupa kwa mkono wa kushoto, unamwagia maji kwa wa kulia, unausugua kwa kitambaa mpaka maji yawe meupe, unampa wa pembeni aupanguse. Vidole vya miguu ni vidogo, usiharakishe. Unapanda juu taratibu. Kichwa huwa cha mwisho, na ni wewe utakayekishika, si mtu mwingine. Mtungini anawekwa hivyo hivyo, miguu chini, kichwa juu, akae kama mtu aliyeketi. Unaweza kuzungumza naye. Inaruhusiwa. Mimi nitakuwa nimegeuka, hadi mniite.

Mwezi huu ndege zimekuwa nyingi, za kwetu na za kwao. Kijana kiwandani amejifunza kuzitofautisha kwa mlio. Kukeneka bado.

Kuramochi anahamishwa Septemba, hakusema anapelekwa wapi na sikumuuliza. Ameomba asimame nje ya lango siku hiyo, ashike kiberiti. Havuti sigara, alikwenda kununua. Chupa ya pili atapata tone.

Njoo.

Baba yako

* * *

Ishigaki, Agosti 25

Baba, shikamoo.

China imetangaza leo saa tatu asubuhi mazoezi ya kijeshi katika bahari ya mashariki ya Taiwan, kuanzia kesho hadi Agosti 30. Pembe moja ya eneo lililotajwa iko karibu na Irabaru. Shirika la ndege limefuta safari zote za kwenu mpaka mazoezi yaishe. Nilikuwa nimehisi, nikaondoka Tokyo siku mbili kabla ya tiketi. Ndiyo maana unaiona Ishigaki juu ya barua hii.

Msemaji wa Wizara ya Ulinzi alisema mchana kwamba kiwango cha tahadhari hakijapandishwa. Aliulizwa kama kitapandishwa. Alisema wanaifuatilia hali. Namjua, huwa anasema hivyo anapokuwa hajui, na huwa anasema hivyo pia anapojua. Safari hii sikuwa chumbani kumtazama usoni.

Nahodha wa meli ya Jumanne anasema ataondoka kesho saa nne, mtu asipomzuia. Nimelipa nauli. Barua hii ningeweza kukupa mkononi, lakini nimeitia posta, ipande meli ndani ya mfuko wa posta na mimi nipande kwa miguu yangu. Mmoja wetu akizuiwa, mwingine atakueleza. Kamera sina. Nina nguo moja ya mikono mifupi na vitambaa vya pamba, ambavyo hukuniagiza.

Nimejizoeza. Utacheka. Nimeosha vijiti vya kulia chakula kwenye beseni la hoteli, kimoja kimoja, mkono wa kushoto ukishika, wa kulia ukimwaga. Mhudumu aliniuliza kama vilikuwa vichafu.

Lango likikataa kufunguka, sitaki tukae nyumbani kusubiri Jumatatu. Tutasimama barabarani na maji yetu, sote wanne, mpaka mtu mwenye cheo aje atuambie usoni. Sitaandika. Nitakuwa nimesimama tu.

Alhamisi, saa kumi jioni, msemaji atazungumza tena. Lango ni Ijumaa, Agosti 29, saa mbili asubuhi.

Binti yako,
Minori